Tiketi ya opera kutoka kwa mchumba wa mwanangu: ni zawadi au ni fumbo?

Bi Mshauri, assalamu alaykum.

Mimi ni mjane wa miaka 63, mkaazi wa Muscat. Nilizaliwa Malindi, Unguja, nikaletwa huku na wazazi wangu katika miaka ya sabini nikiwa msichana, na mpaka leo nyumbani kwangu Kiswahili ndicho kinachozungumzwa jikoni na Kiarabu sebuleni. Naanza na hilo ili ujue kwamba muziki si kitu kigeni kwangu. Nimekulia kwenye taarabu. Najua kuinuka na noti mkononi, kutembea taratibu mbele za watu hadi kwa mwimbaji, na kumtunza kwenye ubeti ambao aliyekusudiwa ataelewa kuwa ni wake. Opera, ule mchezo wa jukwaani unaoimbwa, hata hivyo, sijapata kuiona. Lile jumba letu la opera nimelipita garini mara zisizo na hesabu, na sikuwahi kufikiri kwamba ndani yake mna kiti changu.

Wiki tatu zilizopita mwanangu alikuja na bahasha. Ndani mlikuwa na tiketi tatu za kuangalia La Traviata: yangu, yake, na ya mwanamke anayetaka kumuoa. Akaniambia kwa furaha, "Mama, hizi kazikata mwenyewe, kasema lazima uje." Bibie huyo ni mtaalamu wa maabara, alisomea Vienna, Austria, na huko ndiko alikoipendea opera. Mwanangu husimulia kwamba alipokuwa mwanafunzi alikuwa akinunua tiketi za kusimama, za bei ya kahawa, akabaki wima nyuma ya ukumbi usiku kucha akisikiliza. Ni mtalaka, na ana binti wa miaka sita.

Mwaka jana, mwanangu aliponieleza nia yake ya kumposa, binti yangu mdogo naye alikuwa ameshaletewa posa na watu wanaojulikana kwa kuchunguza. Niliingiwa na hofu kwamba wakisikia kaka mtu anaoa mtalaka mwenye mtoto, watarudi nyuma. Nikampigia simu yule mwanamke, nikaenda kwake peke yangu, mchana, na sahani ya visheti mkononi. Nikamwambia, kwa upole wote nilionao, amwache mwanangu. Hakunijibu kwa ukali. Alinimiminia kahawa ya pili, akaniuliza kama hayo ni maneno ya mwanangu au ni yangu, nami nikasema ni yangu. Tangu siku hiyo akamnyamazia mwanangu miezi mitatu. Binti yangu akaolewa, mwanangu akamfuata tena yule mwanamke, wakapatana. Mpaka hivi leo mwanangu hajui kwa nini aliachwa miezi ile mitatu.

Sasa sikiliza. Juzi mjukuu wa dada yangu alinisomea kisa cha opera hiyo kwenye simu yake. Mwanamke mwenye historia anapendana na kijana wa watu wenye heshima zao. Mzazi wa kijana anakwenda kwa yule mwanamke peke yake, kijana mwenyewe hayupo, anamwomba amwache mwanawe kwa sababu ana binti anayetaka kuolewa. Bi Mshauri, nilimwambia mtoto asome tena, kwa kuwa sikuamini masikio yangu.

Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Kwenye taarabu ukirushiwa kijembe una ruhusa ya kuinuka, ukachagua wimbo wako na kujibu. Huko nitakuwa nimekaa gizani saa tatu, mwanangu kati yetu, nikitazama niliyoyafanya yakiimbwa Kitaliano, wala siwezi hata kukohoa. Shoga yangu mmoja, niliyemweleza nusu tu ya habari, ananiambia nisingizie goti. Goti langu kweli linauma. Na ziko hofu nyingine ndogo ambazo naona haya kuziandika: sijui nivae nini, nipige makofi wakati gani, na itakuwaje nikisinzia. Jirani yangu naye anasema pale si mahali pa mwanamke wa umri wangu na dini yangu.

Tarehe inakaribia. Niende, nisiende, au niseme nao kwanza?

Mama wa Tiketi ya Tatu, Muscat

JIBU

Wa alaykum salaam, dada yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniuliza kuhusu opera, lakini kitu kilichobaki machoni mwangu baada ya kuikunja ni ile sahani ya visheti. Kwa hiyo niruhusu nizungumze yote mawili, kwa kuwa kwako yamekwisha kuwa jambo moja: umealikwa mahali ambapo hujawahi kufika, na aliyekualika ni mtu ambaye ulimwendea siku moja na ombi zito, naye akalitekeleza bila ya kukusema kwa mwanao.

Tuanze na shaka yako kwamba umerushiwa fumbo. Sitakwambia kwamba haiwezekani. Mtu aliyesimama usiku mwingi nyuma ya ukumbi wa Vienna hakosi kukijua kisa cha La Traviata, na si rahisi aketi karibu yako bila ya kukumbuka mchana ule. Lakini yako mambo ambayo shaka yako imeyaruka. Ratiba ya jumba la opera hupangwa na jumba lenyewe, mapema sana kabla ya tiketi kuuzwa, na mpenzi wa opera huchagua katika kilichopo. Tena La Traviata ya mtunzi wa Kitaliano, Giuseppe Verdi, ni miongoni mwa opera zinazochezwa mara nyingi zaidi duniani, na ndiyo ambayo wajuzi wengi humpendekezea mtu wa mara ya kwanza, kwa sababu kisa chake hufuatika na nyimbo zake hukaa kichwani. Ukimwomba mpenzi yeyote wa opera akuchagulie ya kuanzia, bila ya kujua lolote kuhusu visheti, huenda akakukatia hiyo hiyo.

Lipo na jina lenyewe. "La traviata" kwa Kitaliano ni mwanamke aliyepotoka. Kama angetaka kukuchoma, angekuwa amechagua kisu chenye makali pande zote mbili, kwa sababu jina hilo linamgusa yeye kabla halijakugusa wewe. Na hapa nina jambo la kukuuliza kwa upole. Umeandika "mwanamke mwenye historia", ukaona mambo mawili yanafanana. Violetta wa kwenye opera ni mwanamke wa Paris anayewekwa na matajiri, na jamii yake inalijua hilo. Mchumba wa mwanao alikuwa mke wa mtu kwa ndoa ya halali, na ndoa hiyo ikaisha. Ni wewe uliyewaweka wanawake hawa wawili katika kiti kimoja, sidhani kama yeye amewahi kujiweka hapo. Lifikirie hilo kabla ya siku yenyewe, hata kama hutamwambia mtu.

Nataka pia nikueleze kile ambacho muhtasari wa simu haukukueleza, kwani mjukuu amekusomea mifupa tu. Mzazi yule, Giorgio Germont, anaingia katika sehemu ya pili kwa ukali, na Violetta anamkumbusha kwamba yeye ni mwanamke na yuko nyumbani kwake. (Uliposimulia kahawa ya pili na swali lake, hilo ndilo lililonijia.) Baada ya hapo mazungumzo yao yanakwenda robo saa na zaidi, na Verdi hakumfanya mzee huyo kuwa mtu mbaya. Amempa baadhi ya muziki mtamu kuliko wote katika opera nzima. Unamsikia akilainika kidogo kidogo, anamwambia mwanamke alie, na mwishoni Violetta anamwomba amkumbatie kama binti yake. Ukienda kwa matarajio ya kuona mzazi akisutwa jukwaani, hutamkuta. Utamkuta mtu anayewapenda watoto wake wawili, anayetaka kumwokoa mmoja kwa gharama ya mwingine, na ambaye kati ya maneno yake mwenyewe anaanza kuona anachokiomba.

Kuna kituko kingine ambacho wewe, mtu wa taarabu, utakielewa zaidi ya wengi watakaokuwa ukumbini. Kwenye karamu, Alfredo, yule kijana mwana wa Germont, asiyejua kwa nini ameachwa, anamrushia Violetta fedha alizoshinda kamari, mbele ya watu wote, kwamba amemlipa. Kwetu sisi fedha inayopelekwa mbele ya kadamnasi ni heshima, nayo hupelekwa kwa mwendo wa maringo na kutiwa mkononi kwa adabu. Pale ni kofi la uso. Baba yake anaingia wakati huo huo na kumkemea mwanawe, huku yeye peke yake akijua kwamba mwanamke hana kosa. Hiyo ndiyo dakika ambayo mimi, ningekuwa wewe, ningeihofia kuliko ile ya ziara, kwani mzazi analijua jambo na bado analinyamazia.

Katika sehemu ya tatu inakuja barua. Violetta, mgonjwa wa kifua kikuu kitandani, anaisoma kwa sauti ya kawaida bila ya kuiimba, na okestra chini yake inapiga kwa upole wimbo wa mapenzi uliosikika mwanzoni. Ni barua ya Germont, anayemjulisha kwamba ameshamweleza mwanawe ukweli wote. Wanakuja wote wawili, lakini wamechelewa. Nakueleza mapema ili usishtushwe mbele ya mwanao. Yaliyobaki utayapima mwenyewe.

Sasa twende kwenye hofu ulizoziita ndogo, ambazo si za kuonea haya. Jumba hilo la Muscat, lililoamriwa kujengwa na Sultani Qaboos mwaka 2001 na kufunguliwa Oktoba 2011 kwa Turandot, opera ya Mtaliano mwingine, Puccini, lina viti kama 1,100 hivi, na nyuma ya kiti kilicho mbele yako utakuta kioo kidogo kinachoonyesha maneno ya wimbo kwa Kiarabu au Kiingereza. Kwa hiyo hutapotea. Chagua Kiarabu, ila usikitumbulie macho muda wote ukaukosa uso wa mwimbaji. Mavazi ni ya heshima, na ile abaya unayovaa kwenye harusi za watu wakubwa inatosha kabisa. Fika mapema, kwa sababu anayechelewa huzuiwa mlangoni mpaka papatikane nafasi, na kwa goti lako si vizuri kusimama huko. Simu izimwe, isiwe kimya tu. Makofi hupigwa mwimbaji anapomaliza wimbo mkubwa na mwishoni mwa kila sehemu, na ukiwa na shaka, wasubiri wenzako waanze. Hakuna kuinuka kutunza, dada, hata moyo ukikutuma.

Jambo litakalokushangaza kuliko yote ni sauti. Waimbaji hawana kipaza sauti. Okestra nzima imekaa chini, mbele ya jukwaa, katika shimo lililotengenezwa kwa ajili yake, na mwimbaji mmoja anaipitisha sauti yake juu ya vyombo vyote hivyo hadi kiti cha mwisho kwa nguvu ya pumzi na mafunzo. Mtu aliyezoea maspika ya harusini huona mwanzoni kama sauti ni ndogo, kisha masikio yanafunguka. Utangulizi wenyewe unaanza na violini za juu, kwa sauti ndogo mno, na muziki huo huo utarudi pale mgonjwa anapoamka katika sehemu ya mwisho. Pamoja na mapumziko, mambo yote huchukua saa mbili na nusu hadi saa tatu. Ukisinzia kidogo haidhuru. Mimi mara yangu ya kwanza nilisinzia, nikazinduliwa na makofi, nikapiga na yangu kwa bidii kuliko wote. Watazamaji wa opera nao si malaika: usiku wa kwanza wa opera hii hii, Venice, tarehe 6 Machi 1853, walimcheka mwimbaji aliyekuwa Violetta kwa sababu alikuwa mnene mno kwa mtu anayekufa kwa kifua kikuu.

Kuhusu jirani yako, sitaingia kati yako na dini yako. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu muziki, nawe miaka yote hii umekuwa na msimamo wako unapokwenda kwenye taarabu. Ujue tu kwamba sehemu ya kwanza inaanza na karamu, watu wana glasi mikononi na wanaimba kusifu mvinyo, na kama kutazama hayo kutakukera, ni haki yako kulitia katika mizani. Sala ya isha unaweza kuisali ukirudi. Lakini kama tatizo ni kwamba opera ni kitu cha wageni kisichotuhusu, kumbuka taarabu yenyewe ilikotoka. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, aliagiza wapigaji kutoka Misri na kumpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi. Cairo ya miaka hiyo ilikuwa na jumba la opera tangu 1869, na mwaka 1871 opera ya Aida ya Verdi huyu huyu ilichezwa humo kwa mara ya kwanza duniani.

Tumebaki na swali lako lenyewe. Unaweza kusingizia goti. Faida yake ni utulivu wa usiku mmoja. Hatari yake ni kwamba kama tiketi ni zawadi, utakuwa umeirudisha, na kama ni fumbo, utakuwa umelijibu. Tena mwanao ataona kwamba bado humtaki mchumba wake, na hilo sidhani kama ndilo unalotaka aone.

Unaweza kwenda na kunyamaza. Wengi wangefanya hivyo, na huenda ukatoka salama, ukawa umepata muziki na umewapa wao furaha. Lakini jiulize kama utaweza kukaa katika kiti hicho wakati Germont anaingia mlangoni, na mwanao akikugeukia kwa wema tu akuulize kama unaielewa hadithi. Watu wana namna tofauti za kubeba mambo. Wapo wanaoyabeba vizuri gizani, na wapo ambao macho huwasaliti. Wewe unajijua ni wa aina gani.

Unaweza kusema na yeye kabla ya siku hiyo, mkiwa wawili tu. Ukichagua hivyo, ningekuomba usianze na tiketi. Ukianza na "mbona umenichagulia hii?", utakuwa umemshtaki, na kama hakukusudia lolote utakuwa umemvunja moyo. Kuanza na mchana ule wa visheti ni kugumu zaidi, maana ni wewe utakayekuwa unasema na yeye atakuwa anasikiliza. Huenda akalia, huenda akasema alishasahau, huenda akakwambia jambo ambalo hutapenda kulisikia. Na yupo uwezekano mmoja ambao hukuutaja: kwamba anakijua kisa, anakikumbuka kila kitu, na bado amekutaka ukae karibu yake, kwa sababu amechoka kulibeba peke yake na hakujua mlango mwingine wa kukufikia.

Kumwambia mwanao ni jambo la nne, na hapo ningekwenda pole pole kuliko popote. Siri hiyo si yako peke yako tena. Yule mwanamke ameitunza zaidi ya mwaka, kwa sababu anazozijua yeye, na kuitoa bila ya kumuuliza ni kumwamulia kwa mara ya pili. Upande wa pili, wanakwenda kuoana, na mume aliyeachwa miezi mitatu bila sababu huwa na swali linaloweza kuamka siku ya ugomvi. Ni afadhali nani amjibu, na lini, hilo nadhani ni la kuzungumzwa na nyinyi wawili kabla halijazungumzwa na watatu.

Siwezi kukuchagulia, dada yangu, kwani sijaziona nyuso zenu. Kama utaamua kwenda, omba kiti cha ukingoni kwa ajili ya goti, na wewe ndiye uliye na sababu ya kuomba mbadilishane: kama ukipenda, si lazima mwanao ndiye akae katikati. Na chukua shali. Kiyoyozi cha kumbi hizi ni kikali, na likiwa pana la kutosha linawatosha wanawake wawili.